Kuiona Saratani kwa Mwanga: Vitambuzi Vinavyong'aa na Mpaka wa Uvimbe

Kitambuzi kinachong'aa ni kemikali inayotiwa mwilini, au juu ya sampuli ya seli, ili ikimulikwa kwa mwanga wa rangi moja itoe mwanga wa rangi nyingine. Katika tiba ya saratani hutumiwa kujibu swali ambalo macho na vidole vya daktari wa upasuaji hushindwa nalo mara nyingi: uvimbe unaishia wapi? Seli ya saratani imezaliwa na mwili uleule unaougua. Kandokando ya uvimbe huchanganyika na seli zenye afya, na nyama ya pande zote mbili hufanana kwa rangi na kwa ugumu. Picha za CT na MRI huonyesha mahali uvimbe ulipo kabla ya upasuaji, lakini kisu kikishaanza kazi viungo husogea, ubongo hutitia, na ramani iliyochorwa jana hailingani tena na mwili uliolala mezani. Daktari akikata kidogo, saratani hubaki. Akikata mno, mgonjwa hupoteza usemi, nguvu za mkono au uwezo wa kuzuia mkojo.

Mambo mengi yameandikwa kuhusu ukali wa mng'ao wa vitambuzi vipya, na mengi ya hayo hukosa shabaha. Kinachoamua ni tofauti. Kitambuzi kinachong'aa kila mahali mwilini kina manufaa ya karabai iliyowashwa mchana wa jua kali. Kazi ngumu ya wanakemia imekuwa kuhakikisha seli jirani zenye afya zinabaki gizani.

Msingi wa mambo haya ni wa kifizikia na ni wa zamani. Mwaka 1845 John Herschel aliripoti kwamba mmumunyo wa kwinini, dawa ileile chungu ya malaria, hutoa mng'ao wa buluu ukiwekwa juani. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, alieleza kinachotokea: kwinini hufyonza miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, kisha hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi mkubwa zaidi. Elektroni za molekuli hupanda ngazi ya nishati, hupoteza sehemu ya nishati hiyo kama joto, halafu hushuka na kuachia kilichobaki kama mwanga, yote hayo kwa kawaida ndani ya nanosekunde chache. Kwa kuwa mwanga unaotoka hautofautiani na ule unaoingia kwa ukali tu bali kwa rangi pia, kichujio kinaweza kuuzuia mwanga wa taa na kuuachia ule wa kitambuzi peke yake ufike kwenye kamera.

Rangi ya mwanga ndiyo inayoamua kina ambacho picha inaweza kufika. Himoglobini ya damu hufyonza sana mwanga wa buluu na wa kijani, na katika eneo hilohilo kolajeni, flavini na kemikali nyingine za kawaida za mwili hung'aa zenyewe bila kutiwa chochote, zikaivuruga picha. Kuanzia karibu nanomita 650 hadi 900 kuna dirisha: damu haifyonzi sana, maji bado hayajaanza kufyonza kwa nguvu, na mng'ao wa asili wa mwili hupungua. Hata humo, picha safi haivuki sana kina cha sentimita moja, kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya nyama. Maabara kadhaa sasa zinafanya kazi kati ya nanomita 1000 na 1700, ambako kutawanyika ni kidogo zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa China waliripoti matumizi ya eneo hilo la mwanga katika upasuaji wa uvimbe wa ini kwa wagonjwa 23. Kwa vyovyote vile, mwanga hauchukui nafasi ya CT. Uvimbe uliojificha ndani ya kifua kilichofungwa hauonekani kwa njia hii. Kwanza lazima kifua kifunguliwe, au kamera iingizwe kwa bomba.

Rangi ya kwanza kutumiwa kwa binadamu mwenye uvimbe ilikuwa fluoresini, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871. Mnamo 1948 George Moore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha taarifa za kutumia fluoresini kutafuta uvimbe wa ubongo wakati wa upasuaji. Fluoresini haiitambui saratani. Huvuja tu pale ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimebomoka, na uvimbe mkali hukibomoa. Lakini kisu nacho hukibomoa, pamoja na ajali na maambukizi, hivyo rangi huonyesha uharibifu zaidi ya saratani yenyewe. Rangi nyingine, indosiyanini ya kijani, ilianzia katika maabara za kampuni ya picha ya Kodak na ikaruhusiwa kwa wagonjwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Yenyewe hung'aa ndani ya dirisha lililotajwa, karibu nanomita 830, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi katika vyumba vya upasuaji, hasa kuonyesha mishipa ya damu na tezi limfu ya kwanza inayopokea majimaji kutoka kwenye titi au mlango wa kizazi wenye saratani. Nayo pia haina shabaha. Hufuata mkondo unakokwenda.

Hatua iliyobadilisha mambo ilitoka kwenye njia isiyotarajiwa: badala ya kumpa mgonjwa rangi, apewe malighafi, na seli ya saratani iitengeneze rangi yenyewe. Malighafi hiyo ni asidi ya aminolevuliniki, inayofupishwa 5-ALA, ambayo kila mwili huitengeneza katika safari ya kuunda himu, sehemu ya himoglobini inayobeba chuma. Kabla ya himu kukamilika hupatikana kemikali iitwayo protopofirini, na hiyo, ikimulikwa kwa mwanga wa buluu-zambarau wa karibu nanomita 400, hutoa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 635. Seli yenye afya haikawii kutia chuma ndani ya protopofirini na kuuzima mng'ao. Katika glioma kali, aina ya uvimbe wa ubongo, kimeng'enya cha kutia chuma hufanya kazi kwa uvivu, malighafi huingia kwa wingi, na protopofirini hurundikana.

Utaratibu wake ni mwepesi kuliko kemia yake. Mgonjwa hunywa dawa iliyoyeyushwa majini, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, takriban saa tatu kabla ya kulazwa usingizi. Fuvu likishafunguliwa, daktari huanza kukata chini ya mwanga mweupe kama kawaida. Akifika mahali asipoweza kuutofautisha uvimbe na ubongo, taa za chumba hupunguzwa na hadubini ya upasuaji hubadilishwa kwenda mwanga wa buluu. Ubongo mzima huonekana buluu iliyofifia. Kiini cha uvimbe huwa chekundu kama damu ya mzee. Pembezoni, seli za saratani zinapoanza kuchanganyika na zenye afya, wekundu hugeuka waridi hafifu, na hapo ndipo uamuzi mgumu ulipo. Damu ikitiririka juu ya jeraha huufunika mng'ao wote, kwa hiyo kazi huenda kwa kusubiri: kukausha, kumulika, kukata, kurudi kwenye mwanga mweupe kuzuia damu. Mwanga wenyewe huichosha protopofirini, na sehemu iliyomulikwa muda mrefu hufifia hata kama saratani bado ipo. Baada ya upasuaji mgonjwa huwekwa mbali na jua na taa kali kwa saa 24 hadi 48, kwa kuwa ngozi yake nayo imebeba kemikali hiyo.

Walter Stummer na wenzake wa Ujerumani waliipima njia hii katika jaribio lililohusisha wagonjwa 322 na kuchapishwa mwaka 2006. Uvimbe wote unaoonekana kwenye MRI uliondolewa kwa asilimia 65 ya waliofanyiwa upasuaji kwa 5-ALA, dhidi ya asilimia 36 ya waliofanyiwa kwa mwanga mweupe peke yake. Baada ya miezi sita, asilimia 41 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 21 ya kundi la pili. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2007, Marekani miaka kumi baadaye. Hata hivyo jaribio hilo halikuonyesha kwamba kundi la kwanza liliishi muda mrefu zaidi kwa ujumla, jambo ambalo watangazaji wa teknolojia hii hulipita haraka. Glioma za daraja la chini mara nyingi haziwaki kabisa, na kiini cha uvimbe kilichokwisha kufa hakina seli za kutengeneza chochote.

Ndugu wa 5-ALA hutiwa moja kwa moja ndani ya kibofu cha mkojo, akakaa humo kama saa moja, kisha kibofu kikachunguzwa kwa kamera yenye mwanga wa buluu. Faida yake kubwa ni kwa saratani bapa, zile zilizotandaa kwenye ukuta wa kibofu bila kuinuka, ambazo mwanga mweupe huzikosa kwa urahisi. Upungufu wake unawahusu moja kwa moja watu wa mwambao na wa kandokando ya Ziwa Victoria. Kibofu chenye mwasho wa muda mrefu nacho huwaka, na kichocho cha mkojo, ambacho chenyewe ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kibofu, huacha ukuta wa kibofu ukiwa umewashwa na kukwaruzwa na mayai ya minyoo kwa miaka. Njia iliyopimwa kwa wavuta sigara wa Ulaya haiwezi kuhamishiwa Pemba au Mwanza kwa kudhani kwamba usahihi wake utabaki uleule.

Njia ya pili humpa kitambuzi anwani. Seli nyingi za saratani ya ovari huwa na vipokezi vingi vya foleti kwenye ngozi yake, kwa sababu seli inayogawanyika upesi ina njaa ya vitamini hiyo. Philip Low wa Chuo Kikuu cha Purdue alifunga rangi kwenye foleti, na mwaka 2011 Gooitzen van Dam na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matumizi ya kwanza kwa wanawake wenye uvimbe wa ovari. Rangi ya wakati huo ilikuwa ya jamii ya fluoresini, ya kijani, yenye matatizo yote ya kijani. Kizazi kilichofuata kilihamia kwenye dirisha lile lililotajwa, upande wa infraredi, na kuitwa pafolasianini, kikaidhinishwa Marekani Novemba 2021 kwa saratani ya ovari na Desemba 2022 kwa mapafu. Kati ya wanawake 134 waliochunguzwa, asilimia 26.9 walikutwa na angalau kidonda kimoja cha saratani ambacho macho na vidole vilikuwa vimekikosa. Masharti yake yanaonyesha jinsi anwani inavyoweza kuvurugwa: mgonjwa huacha vidonge vya foleti, vilevile wanavyopewa wajawazito kliniki, saa 48 kabla ya kudungwa, maana foleti ya kidonge hugombea mlango uleule. Figo nazo zina vipokezi hivyo na huwaka bila ya kuwa na ugonjwa wowote, na tezi limfu zilizovimba kwa sababu nyingine zinaweza kumdanganya daktari.

Kitambuzi chenye anwani kina udhaifu mmoja wa kuzaliwa nao: huwaka tangu kinapoingia kwenye mshipa. Ni lazima kusubiri saa kadhaa, wakati mwingine siku, hadi kilichokosa pa kushika kiondolewe na ini au figo. Ndipo ikaja njia ya tatu, ya vitambuzi vinavyosafiri vikiwa vimezimwa. Rangi mbili huwekwa karibu kiasi kwamba huzimana, au rangi moja hufungwa kifundo cha kemikali kinachobadili umbo lake, na kifundo hicho hukatwa na kimeng'enya kinachopatikana kwa wingi kwenye saratani. Ralph Weissleder na wenzake wa Boston walionyesha jambo hili kwa panya mwaka 1999, wakitumia vimeng'enya vinavyokata protini. Mwaka 2011 Yasuteru Urano wa Tokyo na Hisataka Kobayashi walitoa kitambuzi cha kupulizia juu ya nyama, kinachowashwa na kimeng'enya cha utando wa seli ndani ya dakika chache. Kwa hoja ya tofauti, hiki ndicho chenye akili zaidi. Nyama yenye afya huanza ikiwa giza na hubaki giza, na kimeng'enya kimoja kinaweza kuwasha molekuli nyingi, hivyo ishara hukua yenyewe.

Akili haijatosha, lakini. Pegulisianini, kitambuzi cha jamii hii kwa saratani ya matiti, kiliidhinishwa Marekani Aprili 2024. Hutumiwa baada ya uvimbe kuondolewa, daktari akiingiza kifaa cha kumulika ndani ya shimo lililobaki kutafuta mabaki. Kati ya wanawake 357, saratani iliyokuwa imeachwa ilipatikana na kuondolewa kwa 27, sawa na asilimia 7.6. Kwa wanawake hao 27 hilo si jambo dogo. Lakini uwezo wa kifaa kugundua mabaki pale yalipokuwepo ulikuwa asilimia 49.3, chini ya lengo lililowekwa, na dawa inabeba onyo kali la mzio unaoweza kuua. Kutokuwaka, kwa maneno mengine, hakumaanishi kwamba hakuna kitu.

Maabarani mwanga ule hufanya kazi kwa masharti mepesi, kwa sababu seli zimeshatoka mwilini na rangi iliyozidi huoshwa. Albert Coons wa Harvard ndiye aliyefunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili mwanzoni mwa miaka ya 1940, na tangu hapo protini yoyote inayoweza kushikwa na kingamwili inaweza kuonwa. Saitometri ya mkondo, ambayo hupitisha seli moja moja mbele ya leza na kusoma rangi zake, hutenganisha aina za saratani ya damu kwa njia hiyo. Hospitali za Afrika Mashariki ziliifahamu teknolojia hiyo kupitia mlango mwingine: mashine nyingi za kuhesabu CD4 kwa watu wenye VVU zilifanya kazi kwa kanuni ileile.

Kipimo cha FISH huenda ndani zaidi, hadi kwenye jeni. Vipande vya DNA vyenye rangi hutafuta wenzi wao ndani ya kiini cha seli na kushikana nao. Katika saratani ya titi, jeni ya HER2 huonekana kama nukta nyekundu na kromosomu ya 17 kama nukta za kijani, ndani ya viini vilivyotiwa buluu. Mtaalamu huzihesabu kiini kwa kiini. Uwiano wa nukta nyekundu kwa za kijani ukifika mbili au zaidi, jeni ikiwa na nakala za kutosha, mgonjwa anafaa kwa dawa zinazolenga HER2. Asipofaa, nyingi ya dawa hizo za bei kubwa ni hasara tupu kwake. Kwa uvimbe wa Burkitt, ulioelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, hutumika mbinu nyingine. Pande mbili za jeni ya MYC hupakwa nyekundu na kijani. Jeni ikiwa nzima, rangi mbili hukaa pamoja na kuonekana za manjano. Ikiwa imekatika, kama inavyotokea katika ugonjwa huo, nyekundu na kijani huachana.

Utafiti wa msingi nao umenufaika. Protini ya kijani ya samaki jeli, iliyowapa Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2008, imewezesha seli za saratani kufuatiliwa zikisambaa ndani ya panya aliye hai. Hadubini za kuvuka kikomo cha nanomita 200, zilizotuzwa mwaka 2014, zimefuata. Hizi ni zana za kuelewa ugonjwa. Mgonjwa hakutani nazo.

Kwa Afrika Mashariki swali la mwisho ni la mpangilio. Fluoresensi yenyewe si ngeni: maabara nyingi za kifua kikuu hutumia hadubini za LED na rangi ya auramini kutafuta vijidudu kwenye makohozi. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, kikundi cha Rebecca Richards-Kortum wa Chuo Kikuu cha Rice kimejenga hadubini ndogo ya nyuzi inayotumia proflavini, rangi ya bei nafuu inayopakwa juu na kuonyesha viini vya seli papo hapo, na imejaribiwa nje ya nchi tajiri. Vifaa vya aina hiyo vinastahili kutangulia kamera za upasuaji za gharama kubwa, kwa kuwa wagonjwa wengi hapa hufika wakiwa wamechelewa, na kwa aliyechelewa mpaka wa uvimbe si tena tatizo kuu. Ila hata chombo hicho hakiwezi kukaa peke yake. Kila kipande kinachokatwa kwa kuongozwa na mwanga bado hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi za kawaida na kusomwa na mtaalamu wa patholojia, na jibu lake ndilo linaloamua matibabu. Wizara yenye fedha za kununua kimoja tu, kamera au kusomesha wataalamu hao, inapaswa kuanza na wataalamu.